Ampea Mbili na Nusu

Breka ya umeme ilipojikata saa kumi alasiri, mashine ya oksijeni ilianza kulia kabla mtu hajafungua mdomo. Ni mlio mbaya ule, mwembamba, usiokatika, nao hutoka kwenye betri ndogo iliyowekwa ndani ya mashine kwa kazi moja tu: kuwatangazia wenye nyumba kwamba mgonjwa wao hana hewa. Ghina aliruka kitini. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimekufa mbele yake, na picha iliyokuwa ikipikwa tangu saa tisa na nusu ilikuwa imekwenda na maji.

"Mama, mtungi!"

"Nimeshaufungua, mimi si kiziwi. Wewe kimbia chini!"

Ghorofa nne. Lifti ya jengo lile la Qobbe, juu ya mji wa Tripoli, ilikuwa na miaka haijapanda wala kushuka, na watoto walikuwa wakifichama ndani yake wanapocheza. Ghina alishuka ngazi kwa kandambili, mkono ukutani, akifunga ushungi njiani. Chini kabisa, mlangoni, lilikuwako sanduku la chuma lenye breka za nyumba zote ishirini na mbili, na kufuli. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni mwa Abu Nazih, mwenye jenereta ya kuuzia mtaa umeme, na Abu Nazih alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki, kikombe cha kahawa mkononi.

"Ehe, binti fundi! Leo mmewasha nini huko juu, kiwanda cha saruji?"

"Salamu alaykum, ami. Kompyuta tu. Na mashine ya baba."

"Kompyuta! Mwanangu anayo, anacheza mpira humo kutwa nzima, haijaniangushia breka hata siku moja."

"Ya kwake ni ya kupakata, ami. Yangu ya kazi, ina kadi kubwa ya picha."

"Basi kanunue ya kupakata." Akanywa funda. Hakuwa na haraka. Nani alikuwa akimfukuza? "Mmelipia ampea mbili na nusu. Mimi si mchawi, siwezi kuzifanya tano."

"Tuuzie hizo tano basi. Tutalipa."

"Kutoka wapi? Nimeshawaambia watu wote, jenereta imejaa mpaka shingoni. Akihama mtu nitakukumbuka. Akifa mtu nitakukumbuka."

Neno lilipokwisha kumtoka ndipo alipolisikia. Akaweka kikombe chini, akafungua sanduku, akainua breka yao bila kumtazama binti wa watu usoni. Ghina alisema ahsante. Hilo ndilo lililomuuma alipokuwa akipanda, kwamba alisema ahsante.

Hesabu yao haikuwa ngumu, na Ghina aliijua kama jina lake. Ampea mbili na nusu ni wati mia tano na hamsini, basi. Mashine ya oksijeni inakula mia tatu na hamsini. Taa na intaneti, thelathini. Friji, mia na ishirini, nayo ikiamka huamka na njaa. Kompyuta yake, kisanduku kisichozidi boksi la viatu, ilikula karibu mia mbili na sitini ikiwa kazini, na sehemu kubwa ya hizo iliishia kwenye kadi ya picha. Jumlisha upendavyo, anza juu au anza chini, haziingii.

Kabla ya mashine kuja zilikuwa zikiingia. Lakini wiki tatu zilizopita baba yake, fundi Khodr, alirudishwa kutoka hospitali na karatasi iliyosema saa kumi na sita za oksijeni kwa siku. Miaka arobaini alikuwa seremala, na Tripoli nani asiyejua viti vya fundi Khodr. Vumbi la mbao na harufu ya vanishi vikakaa kifuani mwake vikakataa kutoka. Asubuhi jenereta ilipolala alivuta mtungi. Mchana mpaka usiku alivuta mashine. Mtungi mmoja ulitosha asubuhi tu, na hata hivyo kwa kubana.

Na kompyuta, je? Kompyuta ndiyo iliyowalisha. Ghina alichora vyumba. Ofisi moja ya Kuwait ilimtumia ramani za nyumba ambazo bado hazijajengwa, naye akavitoa vyumba hivyo kwa picha utakazoapa zimepigwa na kamera: makochi, mapazia, jua likiingia dirishani. Kadi ilikokotoa kila mwali wa jua, picha moja dakika thelathini na nane, na picha ya namna hiyo haisimamishwi njiani. Ukiikata umeikata. Sasa walikuwa wakidai picha kumi na mbili kufikia Alhamisi ya wiki ya pili, saa kumi na moja jioni. Mhandisi Dalal, mkuu wa ofisi hiyo, alikuwa mtu wa maneno machache, na Ghina hakuwahi kumwambia habari ya jenereta, wala ya baba, wala ya ampea. Alitaka aonekane anaishi kwenye nchi kama nchi nyingine.

*

Kisha, ghafla, breka ikaacha kujikata.

Jumanne ilishika mchana kutwa. Jumatano ilishika. Ghina alifanya kazi amefunga mlango, vipokea sauti masikioni ili asisikie ngurumo ya jenereta, akatoa picha mbili, akatoa ya tatu. Alirudia hesabu yake, hesabu ikakataa vilevile. Sasa kama hesabu haikubali na umeme haukatiki, maana yake nini? Maana yake ni kwamba Abu Nazih, kwa aibu ya lile neno lake, amewawekea breka kubwa kimyakimya. Watu wana roho nzuri, aliwaza, ila tu hawapendi kuonekana nazo.

Ijumaa baada ya sala alikwenda mjini, akanunua sahani ya halawa ya jibini, iliyomwagiwa shira na kupambwa kwa maua ya machungwa, akamshushia.

"Ya nini hii?" Abu Nazih akauliza, lakini mikono ilikuwa imeshapokea.

"Wewe unajua, ami. Mungu akulipe. Baba anakuombea dua."

Abu Nazih aliitazama sahani, akamtazama binti, akaitazama sahani tena. "Jirani ni jirani," akasema kwa sauti nzito. Akaomba kijiko.

*

Jumapili, saa tisa na robo, picha ya tano ilikuwa katikati pale kila kitu kilipozimika.

Ghina alivua vipokea sauti. Alikuwa tayari amesimama, mguu mmoja ndani ya kandambili, akingoja ule mlio. Mlio haukuja. Alisikia jenereta ikinguruma chini, akasikia mtu akiburuta meza ghorofa ya juu. Nyumbani mwao, kimya.

Alifungua mlango. Mama yake, Bi Siham, alikuwa barazani ameshika pasi, waya wake ukining'inia.

"Ni mimi, ni mimi," akasema haraka. "Nilisahau. Nilitaka kukupigia pasi ile blauzi, nikachomeka bila kufikiri. Nenda kamwambie Abu Nazih."

"Mbona mashine hailii?"

Bi Siham aliangalia pasi.

"Mama. Umeme umekatika. Mbona mashine hailii?"

"Kwa sababu imezimwa," akasema Bi Siham, na hapo hapo akaanza kulia, analia na pasi mkononi.

Fundi Khodr alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yamepanda kama mtu anayenyanyua kabati peke yake. Mrija ulikuwa puani mwake mahali pake, haupitishi kitu. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Swichi ya mashine ilikuwa kwenye sifuri, na kidole chake kilikuwa bado karibu nayo. Ghina alifungua mtungi, akaunganisha mrija, akapiga magoti mbele yake mpaka rangi iliporudi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, na afadhali angepiga kelele.

"Tangu lini?"

"Jumanne," akajibu mama mlangoni. "Kompyuta yako ikianza kazi, feni yake inavuma, huku ukutani inasikika. Ikivuma anazima. Ikinyamaza anawasha. Nimemwambia. Wallahi nimemwambia, Ghina. Akaniapisha."

"Picha nne! Dakika thelathini na nane kila moja, na mimi nimekaa pale nakunywa chai!"

"Usimkaripie mama yako," fundi Khodr akasema, maneno mawili, pumzi, mengine mawili. "Kazi ya mtu... haikatwi katikati. Ubao ukishautia gundi... hubanduki hapo."

"Mimi si ubao, Baba, na wewe si gundi! Nimempelekea mtu halawa!" Akajikuta anacheka na machozi yanamtoka. "Nimemshukuru Abu Nazih kwa pumzi zako wewe. Na kala!"

"Kala?" mzee akauliza.

"Kalamba mpaka kijiko."

Fundi Khodr alijaribu kucheka, kifua kikamkatalia. Ghina alimshika mkono. Akamwambia, akitazama ile swichi na si yeye, kwamba kesho ataiandikia Kuwait aache kazi. Mzee akautoa mkono wake.

"Ukiacha... mimi mtungi nitaujazisha kwa kitu gani? Kwa dua za Abu Nazih?"

Ghina alishuka kuinuliwa breka. Abu Nazih, alipomwona, akainuka kabla hajaitwa, akafungua sanduku.

"Hukubadilisha breka yetu," Ghina akasema.

"Sikubadilisha."

"Na halawa ulipokea."

"Binti yangu, mtu akikuletea halawa utaanza kuhoji? Nilidhani una jambo la heri." Hata hivyo masikio yalikuwa yamemwiva.

*

Kule Mina, pwani, alikuwako Vartan, mzee wa Kiarmenia aliyemuuzia ile kompyuta, mtu wa kutukana wateja na kuwarekebishia vitu bure. Ghina alimpigia simu akiwa amekaa ngazini, asisikiwe na mtu.

"Kadi yako inakula ngapi?" Vartan akauliza.

"Mia na sabini ikiwa kazini."

"Nani kakwambia inazihitaji zote?"

"Imeandikwa kwenye boksi."

"Kwenye boksi! Boksi limeandikwa na anayeuza. Sikiliza, wewe mwenye digrii. Kiwandani hawana muda wa kupima kadi moja moja. Kwa hiyo wanazipa zote volti za kumtosha mvivu kuliko wote katika kundi, ili asirudishwe dukani. Yako huenda si mvivu. Ipunguzie."

"Haitaungua?"

"Kinachoungua ni kinachochochewa. Ukipunguza mno itazimika tu, utaiwasha tena. Kwanza shusha kikomo cha wati, ipo programu yake, nitakutumia. Kisha shusha volti, kidogo kidogo. Kila hatua ipe kazi ya nusu saa. Ikigoma, rudi hatua moja juu, ukae hapo. Picha zitachelewa dakika chache. Kawia ufike, si ndivyo? Na unacho kipimo cha kuchomeka ukutani?"

"Sina."

"Njoo uchukue changu. Ukikipoteza nakutoa roho."

Jumatatu mchana mashine ya oksijeni iliburutwa hadi kizingitini, na mrija wake, uliokuwa mrefu, ukafika mezani kwa Ghina. Fundi Khodr aliletewa kiti. Alivaa miwani yake ya kazi, ile ya kamba, akakishika kipimo kwa mikono miwili. Sharti la Ghina lilikuwa moja: hakuna jaribio bila hewa. Mpaka kadi itakapopungua, mzee atavuta mtungi, na liwalo na liwe.

"Soma, Baba."

"Mia mbili... hamsini na nane."

Akashusha kikomo. Kadi ikapewa mia na arobaini badala ya mia na sabini. Kompyuta ikaendelea na kazi kana kwamba hakuna aliyegusa kitu.

"Mia mbili ishirini na sita," mzee akasoma, na akainua nyusi. "Na picha?"

"Imechelewa dakika mbili."

"Mbili tu? Kumbe zile nyingine zilikuwa zinakwenda wapi?"

"Joto, Baba. Zilikuwa zinatoka kwa joto."

"Wezi," akasema fundi Khodr.

Wakaingia kwenye volti. Hapo palitaka subira, na subira mzee alikuwa nayo ya ziada; miaka arobaini alikuwa ameparaza milango ya watu, unyoya mmoja wa mbao, unajaribu kuufunga, unyoya mwingine, unajaribu tena, kwa sababu ukizidisha hakuna wa kuurudishia ubao nyama yake. Alimwambia Ghina asikimbilie. Walishuka hatua, wakangoja nusu saa. Hatua, nusu saa. Bi Siham alileta chai, akaambiwa asiguse kitu chochote chenye waya, akasema hata yeye ana waya mmoja kichwani na umelegea tangu Jumapili. Kwenye hatua ya saba kioo kilijaa madoa ya kijani, kikazimika.

"Tumevuka," Ghina akasema.

"Rudi moja."

Akarudi moja. Kazi ikashika. Kipimo kikasema mia na sabini na mbili. Ghina alijumlisha kwenye bahasha, akaing'ata kalamu.

"Hata friji ikizimwa, zimezidi mbili."

"Mbili tu! Subiri." Fundi Khodr alikuwa ameinama anachungulia ndani ya kisanduku kupitia kioo cha ubavuni. "Haya mataa ya rangi yanafanya nini humu?"

"Mapambo."

"Yazime. Hapa hakuna harusi."

Alizima mataa, akafifisha kioo, akakipunguzia kasi na kichakataji. Mia na hamsini na nane. Bi Siham akachomoa friji, akahamishia maziwa na kopo la dawa kwa jirani. Wakawasha yote kwa pamoja, mashine ya oksijeni, kompyuta, taa, intaneti, wakakaa wanatazamana, watatu hao, hakuna anayethubutu hata kukohoa. Zilibaki wati kumi na mbili. Robo saa ikapita. Nusu saa. Picha ya tano ilitoka baada ya dakika arobaini na sita, na jua ndani yake lilikuwa limelala juu ya zulia vilevile kama walivyotaka Kuwait.

Mzee aliitazama sana.

"Hicho kiti," akasema mwishowe. "Mguu wa nyuma umeuchora mwembamba. Mtu mnene ataanguka."

Ghina alicheka, akaunenepesha mguu. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, walikula mezani.

*

Alhamisi ilifika na joto la kupasua mawe. Picha kumi na moja zilikuwa zimekwenda. Ya kumi na mbili, ya jiko, ilianza saa tisa na dakika hamsini. Hata kwa kuchelewa ingemalizika kabla ya saa kumi na moja, na nafasi ya kuvuta pumzi ingekuwapo. Asubuhi ile jenereta ilichelewa kuamshwa, mtungi ukaisha wote, na mwenye mitungi alisema Ijumaa. Hakuna aliyeogopa. Breka ilikuwa imeshika siku tatu mfululizo.

Saa kumi, waliokuwa kazini walirudi, na kila mwenye kiyoyozi katika mtaa akakiwasha. Ngurumo ya jenereta ikawa nzito, kama punda aliyeongezewa gunia. Ghina aliona taa ikififia. Akatazama kipimo cha Vartan, si upande wa wati, upande wa volti. Kwa kawaida huwa mia mbili na ishirini. Ilikuwa mia mbili na mbili. Kisha mia na tisini na sita.

Hilo hawakulihesabu. Breka haijui wati. Breka inajua ampea. Na volti zikishuka, kompyuta haisemi basi nami nitapunguza. Inavuta ampea zaidi ili ijaze kile kile inachotaka. Ghina alipiga hesabu kichwani. Wamevuka. Breka ilikuwa chini pale sandukuni inapata moto, na ingejikata baada ya dakika tano, pengine saba.

Akazima taa. Akachomoa intaneti, picha ataituma kwa simu. Akajaribu kuishusha kadi tena, lakini kadi ilikuwa imeshafika sakafuni, haikukubali zaidi. Volti zikashuka mpaka mia na themanini na nane.

Fundi Khodr alikuwa kitini pake, mrija puani. Alikuwa akimtazama binti yake uso, na uso ule aliusoma bila miwani.

"Bado dakika ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne," akarudia. Mkono wake ukaenda kwenye swichi ya mashine, taratibu tu, kama mtu anayekwenda kufunga dirisha. "Hiyo ni nini? Nimekaa zaidi ya hapo."

"Toa mkono, Baba."

"Usiwe mtoto. Kumi na nne. Nitahesabu mwenyewe."

"Jumapili midomo yako ilikuwa ya samawati."

"Leo sijachoka. Ghina, ni ya mwisho. Iko mlangoni. Nani anaacha kazi mlangoni?"

Bi Siham alisimama katikati yao, mikono kifuani, midomo ikienda kwa dua. Hakushika upande wowote. Miaka thelathini na moja alikuwa mke wa mtu huyo, na siku tano alikuwa amesikia feni ikivuma ukutani akanyamaza. Hakuwa tena na haki ya kusema, ndivyo alivyojiona.

Kidole cha mzee kikagusa swichi. Ghina hakumshika mkono. Aliinama chini ya meza akashika plagi yake mwenyewe, ya kompyuta, akaichomoa ukutani.

Jiko la watu wa Kuwait likatoweka. Mashine ya oksijeni ilikohoa kidogo, ikakaa sawa, ikaendelea.

"Umefanya nini?" Fundi Khodr alijaribu kusimama, mrija ukamvuta. "Umefanya nini wewe! Kazi ya mtu haikatwi! Nilikuwa naweza! Nilikuwa naweza, nakwambia!"

"Najua ulikuwa unaweza."

"Sasa?"

"Sasa mimi ndiye siwezi." Alikuwa bado ameketi sakafuni, plagi mkononi, na alilia waziwazi kama mtoto. "Siwezi kukaa pale nikitazama picha ya jiko huku nyuma yangu wewe unahesabu. Ungekuwa wewe ungeweza? Kiti gani ulichowahi kutengeneza ukamwambia mama asivute pumzi mpaka kikauke?"

Mzee alirudi kitini.

Ni Bi Siham aliyejibu. "Waandikie hao watu, mama. Waambie ukweli wote. Mficha uchi hazai."

Ghina aliandika kwa simu, hapo hapo sakafuni. Aliandika jenereta, ampea, baba, mashine, na kwamba picha ya kumi na mbili itafika saa nne usiku, watu wakizima viyoyozi. Ilikuwa barua ndefu kuliko zote alizowahi kumwandikia Mhandisi Dalal, na hakuisoma mara ya pili. Akatuma. Jibu lilikuja kabla ya magharibi, naye akawasomea kwa sauti, kwa sababu siri zilikuwa zimewatosha.

"Pole sana kwa ugonjwa wa mzazi wako. Laiti ungetuambia mapema. Mteja hakuweza kungoja. Tutakulipa picha kumi na moja. Mradi wa mwezi ujao tumempa mchoraji wa Amman. Hali ikitengemaa, tuandikie."

"Hali ikitengemaa," akasema Bi Siham, akaenda kurudisha maziwa kutoka kwa jirani.

Walibaki wawili. Nje volti zilikuwa zimeanza kupanda. Taa, Ghina alipoiwasha, ilisimama vizuri. Fundi Khodr alikiokota kipimo pale mezani, akakigeuzageuza. Alikuwa amekasirika bado, lakini hasira ilikuwa imemchosha. Akachomoa plagi ya mashine kabla Ghina hajamzuia, ikalia, akaipitisha kwenye kipimo, akairudisha ukutani, yote kwa mikono ya fundi, chini ya sekunde kumi. Akavaa miwani. Akasoma.

"Mia tatu... hamsini na moja," akasema. "Lahaula. Mimi peke yangu nakula hivi?"

"Wewe peke yako."

"Kuliko kompyuta, na taa, na intaneti, na vyote."

"Ndiyo."

Alifikiri. Aliitazama mashine ubavuni na nyuma, akitafuta skrubu, na Ghina alijua anachotafuta.

"Nayo haipunguziki? Hatua kwa hatua? Tungejaribu, nusu saa, nusu saa. Tukivuka, turudi moja."

Ghina alikuja akapiga magoti mbele yake. Alikichukua kipimo mikononi mwake, akakiweka mbali, kisha akaurudisha mrija nyuma ya sikio lake pale ulipokuwa umeteleza.

"Hii haipunguziki, Baba."

"Hata kidogo?"

"Hata wati moja."

Mzee aligeuza uso ukutani. Akavuta pumzi, na Ghina akabaki pale pale magotini, akiisikiliza ikiingia.